Kompyuta ya Jikoni

Mpelelezi waliyemwita Kobe hakupenda kuharakishwa, na siku hiyo kila kitu kilimharakisha. Ilikuwa saa tisa alasiri. Kesho yake, saa tatu asubuhi, mwanamke mmoja mfagizi wa ofisi alitakiwa kusimama mbele ya jaji na kusema alimwona nani akimsukuma mhasibu kutoka dirisha la ghorofa ya nne. Juzi, watu watatu walivunja mlango wa nyumba alimofichwa. Walimkosa kwa sababu alikuwa amepelekwa kung'oa jino. Jino bovu ndilo lililomwokoa, na Kobe, baada ya miaka ishirini na sita kazini, hakutaka kesi zake zitegemee meno.

Waliojua nyumba ile walikuwa wanne tu: jaji, Kobe mwenyewe, Sajenti aliyemlinda shahidi, na mpiga chapa wa mahakama aliyeichapa barua ya kumhamisha. Jaji hakushukiwa kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumshuku. Sajenti alipekuliwa simu yake siku mbili nzima, akatoka safi kama sahani ya mgeni. Akabaki mpiga chapa. Kobe akaenda kubisha hodi kwake.

Sasa alikuwa ameketi chumbani kwa mama huyo, kwenye kiti cha plastiki, daftari gotini. Mpiga chapa alikuwa na miaka arobaini na kitu, miwani imefungwa uzi shingoni. Alikuwa ameleta chai ambayo hakuna aliyeigusa. Mumewe, mwalimu wa hisabati aliyestaafu, ambaye hata mkewe alimwita Mwalimu, alisimama nyuma yake amekunja mikono. Upara wake uling'aa kwa jasho.

"Mama," Kobe alisema, "nieleze kazi yako taratibu. Barua kama ile inaanzia wapi?"

"Hapa hapa, afande. Skana ya mahakama ilikufa tangu mwaka jana, na wenyewe wanasema itatengenezwa wiki ijayo. Basi nachapa hapa, napeleka kwa jaji, anasaini na kugonga muhuri. Narudi, naiskani, namtumia Sajenti. Karatasi yenyewe namrudishia jaji mkononi."

"Na ile picha ya barua inabaki wapi?"

"Kwenye kompyuta hii."

"Nani mwingine anaifungua?"

"Hakuna. Ina neno la siri." Alijibu haraka mno, kisha akamtazama mumewe.

Kobe aliliona hilo jicho. Aliomba ruhusa, akasogeza kiti mbele ya kompyuta, akaanza kufungua folda moja baada ya nyingine kwa kidole kimoja, mwendo wake ule ule uliompa jina. Mpiga chapa alikuwa akisugua vidole vyake kwenye kitenge kama anayefuta wino.

Hapo mlango ukasukumwa bila hodi. Aliingia mwanamume mnene mwenye aproni iliyojaa nywele, birika tupu mkononi. Alikuwa mdogo wake mpiga chapa, kinyozi, aliyefungua duka katika chumba cha mbele cha nyumba hiyo, kile kinachotazama barabara. Watoto wa nyumba walikuwa wamekua na kuondoka, lakini jina walilompa lilibaki: Mjomba.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Kobe. "Dada, maji ya moto yako wapi? Nimemwacha mtu kitini nusu kichwa."

"Kwenye chupa, mezani. Chukua uende, tuna mgeni."

"Naona. Shemeji, na wewe lini utakuja kunyoa?"

"Siku zikiota," alisema Mwalimu bila kucheka.

"Basi ungekuwa kama huyu mteja wangu. Sijui anazimwagilia maji? Kila siku tatu yuko kwangu, wiki ya pili hii. Sina hata cha kunyoa, napitisha mashine tu. Lakini mtu mwenye utu, Dada. Leo kanipa pole ya msiba wa mama." Alimimina maji, akamtazama Kobe kichwani kwa jicho la biashara. "Mzee, hata wewe ukimaliza pita. Pembeni pameshachafuka."

Alitoka. Kobe alikuwa amefikia dirisha dogo la kompyuta lenye orodha ya ruhusa. Alilisoma, akavua miwani, akaifuta, akalisoma tena.

"Folda hii inaitwa Picha za Mama," alisema. "Imefunguliwa kwa mtandao wa nyumba. Hapa pameandikwa anayeruhusiwa kuingia, kusoma na hata kuandika, ni Kila Mtu. Huyu Kila Mtu ni nani humu ndani?"

Mwalimu alikohoa. "Ni mimi niliyemweka."

"Kwa nini?"

"Mkwe wangu, mama yake huyu, alipofariki mwaka jana, ndugu walileta picha zake za tangu ujana. Tukaziskani zote. Kila mmoja alitaka kuzitazama kwenye kompyuta yake, na kila ukifungua unaulizwa jina, unaulizwa neno la siri. Nilichoka kuulizwa neno la siri nyumbani kwangu mwenyewe. Nikaweka Kila Mtu, tukapumzika."

"Lakini hizo ni picha!" mpiga chapa alidakia. "Si barua zangu."

"Barua zako ziko wapi, mama?"

Alinyoosha kidole kwenye kioo. Ndani ya Picha za Mama kulikuwa na folda nyingine: Mazishi. Ndani ya Mazishi, kati ya orodha ndefu ya picha zilizoandikwa namba tu, kulikuwa na barua za mahakama.

"Skana inatupia kila kitu kwenye Picha za Mama, Mwalimu ndiye aliyeipanga hivyo," alisema. "Barua mimi nazisogeza Mazishi. Hakuna mtu wa nyumba hii anayefungua Mazishi, afande. Mimi mwenyewe sijawahi kuziona zile picha. Nimeweka yaonekane majina tu. Nafungua, nasogeza, nafunga. Nilijua hakuna mahali salama kama pale. Nani ana moyo wa kutazama jeneza la mama yake?"

Kobe alimwonea huruma, lakini hakumwachia. "Ukimpa mtu ufunguo wa nyumba, mama, na kabati lisilo na kufuli umempa. Folda ya ndani inachukua ruhusa za folda ya nje, usipoizuia mwenyewe. Ulizuia?"

"Sikujua kama inazuiwa."

"Mwalimu, wewe ulijua?"

"Nilijua." Sauti ilikuwa ndogo. "Sikujua kama kuna barua humo."

"Twende kwenye kompyuta yako."

Kompyuta ya Mwalimu ilikuwa sebuleni. Kobe alitafuta orodha ya vitu vilivyofunguliwa karibuni. Haikuchukua muda. Jumapili, saa kumi jioni: Mazishi. Alipiga mstari kwenye daftari, halafu akapiga mwingine chini yake.

"Hapa ndani hakuna anayefungua Mazishi," alisema. "Wewe umefungua. Siku mbili kabla mlango wa shahidi haujavunjwa."

Mpiga chapa aligeuka akamtazama mumewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. "Mwalimu?"

Mzee wa watu alikaa kwenye kochi. "Nilikuwa namtazama mama yako. Yule ndiye pekee aliyekuwa akicheka utani wangu. Tangu aondoke nasema, mnanyamaza." Alipangusa upara kwa kiganja. "Barua yenye muhuri niliiona. Sikuisoma. Miaka ishirini na miwili sijasoma kazi ya mke wangu, nianze uzeeni?"

"Sikuiona ni neno moja, sikuisoma ni jingine. Ulimweleza nani?"

"Nani wa kumweleza? Nimekwambia hawacheki hata utani."

Mpelelezi mwenye haraka angemfunga pingu hapo hapo. Kobe alitazama yale macho mekundu, akakumbuka kwamba mwongo huleta maelezo marefu. Hata hivyo hakufuta mistari. Akamgeukia mpiga chapa na kuuliza swali alilopaswa kuliuliza alipofika, na baadaye alijilaumu kwa kulichelewesha.

"Shahidi amehamishwa leo. Barua ya nyumba mpya umeichapa lini?"

"Asubuhi. Jaji amesaini saa sita."

"Na kuskani?"

"Saa saba mchana."

"Umeihifadhi wapi?"

Aliweka mkono mdomoni. Kobe aliinuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliinuka haraka. Simu ilikuwa sikioni kabla kiti hakijatulia.

"Sajenti. Mahali hapo pamejulikana, au panaweza kuwa pamejulikana. Mtoe."

"Nimtoe na nini, afande?" Sauti ya Sajenti ilikwaruza. "Gari lililotuleta limerudi kituoni. Niko na askari mmoja na bastola moja."

"Naleta gari. Funga. Asiingie mtu, hata akisema ni mimi."

Alipiga kituoni. Gari lingechukua dakika arobaini. Alitukana kwa sauti ya chini, tusi la zamani alilofundishwa chuoni, akarudi chumbani karibu anakimbia. Mpiga chapa alikuwa ameshika kipanya, anataka kufuta.

"Acha!"

"Niifute tu, afande, nakuomba! Yule mama ana watoto!"

"Ukifuta sasa, aliyeiona ameshaiona, na sisi hatutamjua ni nani. Nipe nafasi."

Kuna orodha nyingine katika kompyuta inayogawa folda zake, watu wengi hawaijui: inayoonyesha ni mashine gani zimeunganishwa nayo saa hiyo na zimefungua nini. Kobe aliifungua. Mwalimu, kwa utaratibu wake wa ualimu, alikuwa amezipa mashine majina ya vyumba. Waliokuwa ndani ya Picha za Mama walikuwa wawili. Mmoja ni SEBULENI, ambaye hakuwa akifungua kitu. Wa pili alikuwa ameshika faili la ndani ya Mazishi. Kobe akiwa bado anasoma namba yake, faili lilibadilika, likaja lingine. Akahesabu kimoyomoyo. Sekunde saba, lingine tena. Mtu alikuwa anazipekua moja moja, bila kuchoka.

Jina la mashine hiyo lilikuwa JIKONI.

"Nani yuko jikoni?" Kobe alinong'ona.

"Hakuna mtu," mpiga chapa alinong'ona pia. "Tuko watatu tu."

Kobe alitangulia, mkono kiunoni kwenye bastola. Korido ilikuwa fupi, lakini kila mmoja aliivuka kwa vidole vya miguu. Aliusukuma mlango kwa bega. Kulikuwa na jiko la gesi, sufuria ya maharage iliyofunikwa, ndoo mbili, na rafu ya vikombe. Alifungua makabati. Alichungulia chini ya meza. Kompyuta haikuwepo. Palikuwa na alama ya mraba ukutani, na msumari mmoja.

"Ilikuwa hapa," alisema Mwalimu. "Mkwe wangu alikuwa anatazamia mapishi. Ukutani tulifunga rafu yake."

"Iko wapi?"

"Baada ya msiba alikuwa hawezi kuiona," alimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Tukaitoa. Jina sikubadilisha."

"Nauliza iko wapi!"

"Tulimpa Mjomba. Dukani. Kaiunganisha na televisheni ya wateja, mtandao anachukua wa hapa kwetu."

Kobe hakutoka mara moja. Alisimama akitazama msumari. Kitu alichokuwa amekiacha kipite masikioni mwake kilikuwa kimerudi kinadai haki yake.

"Mama yenu alizikwa wapi? Hapa?"

"Hapana, mbali sana. Siku nzima ya safari."

"Na ni mwaka mzima. Mdogo wako amevaa nguo za msiba? Ana tangazo dukani?"

"Hana."

"Basi mteja wa wiki mbili amejuaje kwamba mama yake amekufa, mpaka ampe pole leo?"

Hakungoja jibu. Walizunguka nyumba kwa mlango wa uani, Kobe mbele, mpiga chapa nyuma na ndala zake mkononi, Mwalimu wa mwisho akihema. Duka lilikuwa wazi. Kiti cha kunyolea kilikuwa kitupu, kitambaa cheusi kimetupwa juu yake. Mjomba alikuwa anafagia.

"Yule mteja yuko wapi?"

"Katoka kidogo, mzee. Kapata simu. Atarudi tu, nani anatembea na nusu kichwa? Nimemaliza upande wa kushoto, wa kulia bado msitu. Msitu kwa namna yake."

"Katoka lini?"

"Hata maji sijayatumia. Nusu saa hivi." Mjomba aliona sura ya dada yake, akauacha ufagio. "Kuna nini?"

Kobe alitazama juu. Televisheni ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma ya mahali anaposimama kinyozi, ikitazamana na benchi la wanaosubiri. Ilikuwa inapitisha picha. Mtindo wa nywele. Mtindo mwingine. Msichana mwembamba wa zamani akicheka mbele ya baiskeli. Mtindo tena. Kisha watu wamebeba jeneza.

"Umeweka nini hapo?"

"Mitindo. Na picha za mama, nimemchanganya humo humo nisiwe peke yangu. Nilichagua folda nzima, sikujua kuteua moja moja." Mjomba alikuwa ametazama chini. Hakugeuka. "Zikifika za kaburini siangalii, mzee. Nanyoa. Wateja ndio wanaona, wananipa pole. Mimi naangalia vichwa."

Sekunde saba. Shada la maua. Sekunde saba. Shangazi mmoja ameshikiliwa na watu wawili. Sekunde saba, na ukuta wote wa duka ukawa mweupe. Barua ilijaa kwenye kioo kutoka pembe hadi pembe: nembo ya mahakama, tarehe ya leo, jina la mtaa, namba ya nyumba, rangi ya geti. Saini. Muhuri. Mtu aliyekaa benchini angeweza kuisoma bila miwani na kuipiga picha kwa simu.

Mpiga chapa alitoa sauti ndogo, si neno. Mwalimu alimshika kiwiko. Katika nyumba nzima, mwenye upara haji kunyoa, mwanamke hakai benchi la wanaume, na kinyozi haigeukii televisheni yake. Siri ilikuwa imefichwa mahali ambapo wao watatu tu ndio hawakuweza kuiona.

"Huyo mtu alikuwa anakuuliza nini?" Kobe aliuliza huku akibonyeza simu.

"Mazungumzo tu. Dada yangu anafanya kazi gani, anarudi saa ngapi. Nikamwambia yeye hasemi ya kazini hata umtie koleo mdomoni." Mjomba alianza kuelewa, na mashavu yake yakalegea. "Akawa anakaa tu. Hata zamu yake ikifika anasema mtangulize mwingine."

Sajenti alipokea kwa mlio wa kwanza. "Afande. Gari bado. Ila getini kuna mtu, anasema ametumwa kusoma mita ya maji."

"Mmoja?"

"Ninayemwona ni mmoja. Barabarani kuna pikipiki, na mwingine juu yake."

"Huyo wa mita amevaa nini kichwani?"

"Kofia. Ya sufu."

"Na joto hili?" Kobe alishika ukingo wa kiti cha kunyolea. "Sajenti, nisikilize. Mweke shahidi chini. Askari wako asimame na bastola pembeni ya geti. Halafu fungua kidirisha, mwambie huyo bwana avue kofia."

"Avue kofia?"

"Avue kofia!"

Simu iliwekwa juu ya kitu kigumu. Dukani hakuna aliyekaa. Walisikia hatua zikienda mbali, komeo dogo likivutwa, sauti ya Sajenti ya upole wa bandia ikisema, "Ndugu yangu, kwetu hapa tunavua kofia." Mpiga chapa alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza. Halafu geti likagonga ukuta, mtu akapiga kelele, pikipiki ikanguruma na kufifia. Mlio mmoja wa bastola.

Kitu kilikwaruza. Sajenti alirudi akihema.

"Nusu kichwa, afande. Kushoto kweupe kabisa."

"Huo mlio?"

"Wa juu, wa kumtuliza. Alikuwa na kisu kwenye mfuko wa daftari la mita. Wa pikipiki kakimbia, namba tumechukua."

"Shahidi?"

"Yuko chini ya kitanda. Anauliza kesho gari linakuja saa ngapi, asichelewe mahakamani."

Kobe alikaa kwenye kiti cha kunyolea. Alimwambia mpiga chapa, "Nitakuandika mzembe, mama. Msaliti sitakuandika." Mpiga chapa aliitikia kwa kichwa huku machozi yakimtoka, akanyoosha mkono kuchukua rimoti kwenye rafu ya mafuta, aizime televisheni.

"Usiguse," alisema Kobe.

"Lakini afande, hiyo barua..."

"Nitafunga mlango wa duka, asiingie mtu. Lakini ikizimwa nimepoteza kesi. Mpiga picha wetu anatakiwa aikute ikipita yenyewe, mwanzo mpaka mwisho, kama alivyoikuta yule. Ni ushahidi."

"Atafika lini?"

"Baada ya saa moja. Labda na nusu. Na nyinyi siwezi kuwaruhusu mtoke."

Mlango wa bati ukashushwa, mchana ukabaki nje. Waliketi benchini, mahali pa wateja, Mwalimu katikati. Mitindo ilipita, na msichana wa baiskeli akapita. Jeneza lilipokuja, Mjomba aliinamisha kichwa kwa mazoea. Dada yake alipitisha mkono nyuma ya mgongo wa mumewe, akamshika kidevu mdogo wake, akamwinua uso taratibu, wakatazama.